Kuamsha gari la porini lililolala miaka: mwongozo kamili, kuanzia chasisi hadi mwendo wa kwanza

Magari mengi ya zamani niliyoyaona yakiharibika baada ya kusimama muda mrefu yaliharibiwa siku moja tu: siku ya kuwashwa. Mtu analeta betri mpya, anamimina lita tano za petroli juu ya ile iliyooza tangini, anazungusha ufunguo mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu injini inajibu kwa mlio wa chuma. Vali iliyokuwa imeganda imepigwa na pistoni. Kazi ya wikiendi mbili sasa ni kazi ya miezi.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu unakwenda kinyume na hamu ya mwenye gari. Ufunguo uko mbali sana huko mbele. Nazungumzia magari kama Land Rover, Land Cruiser, Patrol na Suzuki za zamani, yale yenye kabureta au pampu ya dizeli isiyo na kompyuta. Gari jipya zaidi lina mambo ya ziada ya umeme, lakini chuma, mpira na mafuta vinazeeka vilevile.

Uliza kwa nini liliegeshwa

Ni nadra gari zima kuegeshwa miaka kumi bila sababu. Wakati mwingine mwenyewe alifariki au alihama, lakini mara nyingi kitu kilivunjika, gharama ikatajwa, na gari likasukumwa pembeni "kwa muda tu". Ukimpata aliyeliendesha mwisho, muulize maswali matatu: lilikuwa linachemsha? Gia zote zilikuwa zinaingia? Na lilifika hapo kwa kuendeshwa au kwa kuvutwa? Jibu la "lilikuwa zima kabisa" ndilo ninaloliamini kidogo kuliko yote. Akisema lilikuwa linachemsha, shuku gasketi ya silinda hedi, na ujue unaweza kukuta maji yamekaa juu ya pistoni miaka yote hiyo.

Andika namba ya injini na utafute kitabu cha mafundi cha injini hiyo hasa, si cha jina la gari tu. Land Cruiser mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kuwa na injini tofauti kabisa.

Chasisi kabla ya injini

Hapa ndipo wengi wanadanganyika, hasa na Land Rover. Tangu ya kwanza ilipotoka mwaka 1948, bodi yake imekuwa zaidi ya aloi ya alumini juu ya chasisi ya chuma. Bodi inaweza kung'aa huku chasisi chini yake inamong'onyoka kama biskuti. Land Cruiser ina bodi ya chuma, kwa hiyo yenyewe angalau inaonyesha ugonjwa wake waziwazi.

Chukua nyundo ndogo na bisibisi, ulale chini, ugonge chasisi mwanzo hadi mwisho. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu, na bisibisi inazama. Angalia zaidi pale springi zinapofungwa, boriti ya nyuma kabisa, na kila pembe ambako tope hukaa na kunyonya unyevu. Tundu sakafuni ni kazi ya kuchomea ya siku moja. Tundu pale springi inaposhika ni uamuzi mzito, na ni afadhali uufanye leo kabla hujanunua hata plagi.

Zana, na hendibreki isiyoaminika

Utahitaji jeki nzuri, stendi nne, vigingi vya magurudumu, multimeta, bunduki ya grisi, oili ya kulegeza kutu, glavu, miwani, na kizima moto cha poda kilicho karibu nawe, si ndani ya nyumba.

Jambo moja la hatari. Katika Land Rover za Series na Defender, na Land Cruiser za mwanzo za mfululizo wa 40, hendibreki haishiki magurudumu. Inashika dramu iliyo nyuma ya transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), kwenye propela shafti, ile nondo inayopeleka nguvu hadi ekseli. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu (gia za katikati ya ekseli zinazoruhusu magurudumu yake mawili kuzunguka tofauti) inaliruhusu lile lililo hewani lizunguke kinyume, na gari linaweza kubingirika kama halina breki. Ukifungua propela shafti ya nyuma ndiyo kabisa, hendibreki haishiki kitu. Weka vigingi pande zote mbili za gurudumu lililobaki chini, na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Wapangaji

Fungua boneti taratibu. Nyoka, nyigu na panya wote hupenda gari lisilotembea. Viota vya panya hukaa juu ya manifodi, ndani ya chujio la hewa na kwenye mabomba ya hita. Vaa barakoa, nyunyizia maji kinyesi chao kabla ya kukiondoa, na usikipulize kwa kompresa kwa sababu vumbi lake lina maradhi. Nyigu huziba kwa udongo vitundu vidogo vya kupumulia: vya tangi, vya kabureta, vya difu. Vizibue sasa, kwa sababu baadaye kitundu kimoja cha tangi kitakusumbua nusu siku: gari litawaka, litatembea kidogo, litazima, na utalaumu pampu isiyo na kosa.

Kuzungusha injini kwa mkono

Hii ndiyo hatua ambayo ningependa uipe muda mrefu kuliko zote.

Chomoa kijiti cha oili kwanza. Oili nyeusi na nzito ni kawaida. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji. Oili nyepesi inayonuka petroli mara nyingi maana yake pampu ya petroli ina ngozi ya ndani iliyopasuka, na mafuta yamekuwa yakishuka kwenye karta, bakuli la oili chini ya injini. Kisha legeza boliti ya kumwagia oili polepole, nusu mzunguko kila mara. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yapo yatatangulia kutoka, na utajua ni kiasi gani. Weka oili mpya ya bei ya chini lakini yenye unene unaotakiwa, pamoja na chujio jipya. Oili hiyo haitakaa. Kazi yake ni kuosha.

Kama injini yako ina mkanda wa taimingi, ubadilishe kabla ya stata kugusa chochote. Injini ya 1HZ ya Toyota na 300Tdi ya Land Rover zina mkanda. 2H na 3B za Toyota hutumia gia. Mkanda uliokaa miaka kumi bila kutembea ni mkanda wa miaka kumi, hata kama kilomita zake ni chache, na ukikatika kwenye injini kama 1HZ, pistoni na vali hukutana.

Pangusa na pulizia uchafu kuzunguka plagi ndipo uzifungue, usije ukauangusha ndani ya silinda. Kwenye dizeli fungua hita plagi, au nozeli kama hita hazipo. Zipange kwa namba za silinda, maana kila moja inabeba habari. Plagi kavu yenye masizi haina shida kubwa. Yenye kutu inakuambia silinda yake iliona maji.

Mimina vijiko viwili vitatu vya oili kila silinda na uache siku nzima. Kama injini imegoma, mafundi wengi hutumia oili ya giaboksi ya otomatiki iliyochanganywa na asetoni nusu kwa nusu. Hupenya kutu vizuri kuliko dawa nyingi za chupa, lakini hushika moto haraka na hujitenga, kwa hiyo tikisa kabla ya kumimina na ufanyie kazi nje. Ikitakiwa iache wiki, ukiongeza kila siku.

Weka gia nyutro. Tia spana kwenye boliti ya mbele ya krenki na uzungushe upande ambao injini huzungukia, ambao kwa injini nyingi ni upande wa saa ukiitazama kwa mbele. Unachotafuta ni uzito ulio sawa. Ikigoma, sogeza kidogo mbele, kidogo nyuma, ongeza dawa, kalale. Bomba refu juu ya mkono wa spana ni kishawishi kibaya: boliti ikikatika ndani ya krenki umejiongezea kazi ambayo hukuwa nayo. Na usikubali ushauri wa kulivuta gari likiwa kwenye gia ili injini "ifunguke". Uzito wote wa gari ukiishinikiza pistoni moja iliyoganda, kitakachopinda ni koni rodi, mkono unaounga pistoni na krenki.

Zungusha mizunguko miwili kamili, kwa sababu injini ya mipigo minne humaliza zamu yake kwa krenki kuzunguka mara mbili. Sasa fungua kifuniko cha vali, zungusha tena, na utazame roka (vikono vinavyobonyeza vali) moja moja. Kila vali ishuke na irudi yenyewe. Iliyobaki chini imeganda: hakikisha pistoni ya silinda hiyo haiko juu, mwagia dawa shinani mwa vali, ugonge kidogo kwa nyundo ya mpira, subiri, rudia. Nimewahi kukuta vali mbili kati ya nane zimeganda kwenye injini iliyozunguka kwa mkono kama mpya. Ningewasha siku ile, ningepinda fimbo zote mbili zinazosukuma roka zake. Mwisho, mwagia roka zote oili mpya kabla ya kufunika.

Umeme

Betri ya zamani itupwe kwa njia salama, usiisikitikie. Iliyochajiwa ikajaa, ikapumzika saa kadhaa, husoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.0 imebakiwa na kama robo tu.

Kabla ya kuunga nyingine, jua gari lako ni la mfumo gani. Land Rover za kabla ya mwaka 1967 hivi zilikuwa na athi (upande wa betri unaoungwa kwenye chasisi) kwenye chanya, kinyume na magari ya leo. Jeep za Willys za Vita vya Pili vya Dunia zilitumia volti 6. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli zina betri mbili na mfumo wa volti 24. Ukiunga kwa mazoea, utaunguza vitu kwa sekunde moja.

Kuna hila rahisi ya kugundua shoti bila kuchoma waya. Zima kila kitu, unga nguzo ya athi ya betri mwisho, na badala ya kuiunga moja kwa moja, pitisha umeme kwenye balbu ya taa ya breki, ile ya wati 21. Balbu isipowaka, hakuna kinachovuja sana. Ikiwaka kwa mwanga mkali, mahali fulani panya amekula ganda la waya na shaba imegusa bodi. Ng'oa fyuzi moja moja hadi izime. Balbu inazuia umeme mkubwa kupita, kwa hiyo unaweza kutafuta kwa utulivu.

Kwangula hadi ing'ae kila sehemu ambayo waya wa athi unagusa injini, chasisi na betri. Stata inayotoa "tak" moja na kunyamaza mara nyingi haidai stata mpya, inadai athi.

Sasa, plagi zikiwa bado nje na waya wa koili umechomolewa (kwenye dizeli, waya wa swichi ya kuzimia), zungusha kwa stata sekunde kumi, pumzika nusu dakika, rudia, hadi taa ya oili izime au geji ipande. Bila mgandamizo silindani beringi hazibebi mzigo, na pampu inapata nafasi ya kusambaza oili kila kona. Taa isipozima baada ya majaribio sita au saba, acha na utafute sababu. Kwa kawaida ni chujio kikavu au pampu iliyopoteza oili.

Mafuta: petroli

Petroli iliyokaa hupoteza sehemu zake nyepesi, zile zinazoshika moto kirahisi, na kilichobaki hugeuka gundi. Utaijua kwa harufu: inanuka kama rangi ya mafuta ya zamani. Ile iliyochanganywa na ethanoli huvuta pia unyevu hewani, na maji hujitenga chini ya tangi yakianza kutengeneza kutu. Usijaribu kuichanganya na mpya. Imwage yote, uipeleke inakopokelewa mafuta taka, kisha tazama ndani ya tangi kwa tochi. Ukikuta kutu inayobanduka, tangi lishushwe, lioshwe au libadilishwe. Tangi tupu la petroli lisiguswe na moto wa kuchomea: mvuke uliobaki hulipuka kuliko petroli yenyewe.

Kwa jaribio la kwanza usilitumie tangi kabisa. Chukua galoni safi yenye lita mbili tatu, iweke mbali na manifodi, na uunge mpira mpya wa mafuta moja kwa moja kwenye pampu. Hivyo ukishindwa kuwasha, unajua tatizo halitoki nyuma. Mipira yote ya mafuta ibadilishwe hata kama inaonekana mizuri. Ikunje, utaona nyufa.

Kabureta ifunguliwe. Ndani ya bakuli utakuta unga wa kijani au gundi ya rangi ya asali. Tumia dawa ya kabureta na upepo wa kompresa. Waya wa chuma usiingie kwenye jeti, maana jeti ni shaba laini na tundu likipanuka kidogo tu gari litakunywa mafuta maisha yake yote. Sindano ya boya isogee bila kukwama, la sivyo petroli itafurika juu ya injini ya moto. Angalia pia kama kaba, kile kilango kinachofunguka ukikanyaga mafuta, inarudi yenyewe ukiachia. Hii watu huisahau, na ndiyo inayofanya injini ipige kelele ya juu kabisa sekunde ya kwanza ya maisha yake mapya.

Upande wa cheche, pointi (swichi ndogo inayokata na kuunga umeme wa koili) zilizokaa hujenga utando mwembamba usioonekana, na umeme haupiti. Zipitishe msasa mwembamba sana, zifute, kisha pima nafasi. Kwa Land Rover ya petroli ya lita 2.25 ni milimita 0.35 hadi 0.40, ya gari lako iko kitabuni. Cheche nzuri ni ya buluu na inatoa mlio. Ya manjano na dhaifu mara nyingi ni kondensa au koili. Unapojaribu cheche, galoni ya petroli iwe mbali.

Mafuta: dizeli

Dizeli haiozi kama petroli, ila maji yakikaa chini yake, bakteria na kuvu huota kwenye mpaka wa vitu hivyo viwili na kutengeneza utelezi mweusi. Utelezi huo ukifika kwenye chujio, injini inakosa pumzi. Safisha tangi, weka chujio jipya, na uwe na la pili mkononi kwa sababu la kwanza litajaa haraka.

Kisha toa upepo. Anza kwenye chujio: legeza skrubu yake, pampu kwa mkono hadi mapovu yaishe, kaza. Nenda kwenye pampu ya dizeli, rudia. Mwisho legeza nati za mabomba pale kwenye nozeli, zungusha kwa stata hadi dizeli itoke, kaza. Usiweke kidole kuhisi kama inatoka. Mshindo wa dizeli kutoka kwenye nozeli unatoboa ngozi, na jeraha lake ni la hospitali hata likionekana dogo.

Ikiwa haitoki kabisa, washa swichi na usikilize pampu: unapaswa kusikia "tik" ya sumaku inayofungua njia ya mafuta. Haipo? Angalia waya wake kwanza. Ipo na bado kimya? Sehemu za ndani ya pampu zinaweza kuwa zimeganda. Jaza dizeli safi, acha siku mbili, jaribu tena kabla ya kuipeleka kwa fundi wa pampu.

Dawa ya kupulizia ya etha usiitumie kwenye dizeli yenye hita plagi. Hulipuka kabla ya wakati wake na huvunja pistoni. Na uwe na ubao bapa unaotosha kuziba mdomo wa kuingizia hewa. Dizeli ya zamani iliyojaa oili silindani inaweza kukimbia yenyewe bila kusikia swichi, na njia ya kuizima ni kuinyima hewa. Ubao, si kiganja wala tambara. Tambara hunyonywa ndani.

Maji

Mwaga, suuza rejeta na bloku pande zote mbili, badilisha mipira iliyovimba au inayolia ukiikamua. Thamostati uitie kwenye sufuria ya maji ya moto: inapaswa kufunguka yakikaribia nyuzi 80 hivi au zaidi kidogo, kulingana na namba iliyopigwa juu yake. Mara ya kwanza tumia maji matupu, kwa sababu vizibo vya pembeni mwa bloku vikioza vitavuja sasa, na ni aibu kumwaga kupozeo jipya sakafuni. Ukiridhika, weka mchanganyiko wa nusu kwa nusu.

Sasa ufunguo

Gari liwe nje, stendi zimetolewa, vigingi vipo, gia nyutro. Chujio la hewa limesafishwa. Kwenye yale ya bakuli la oili, tope la zamani limekwanguliwa na oili mpya imewekwa. Mtu wa pili ashike kizima moto (au ubao, kwa dizeli) na asimame pembeni, si mbele ya feni.

Washa. Macho yasitoke kwenye taa ya oili. Isipozima ndani ya sekunde chache, zima wewe. Moshi mweupe na wa buluu mwingi dakika za mwanzo ni ile oili uliyoimimina silindani ikiungua, kwa hiyo usiogope na wala usikaribishe majirani. Ukiendelea kuwa wa buluu baada ya injini kupata moto, ni ringi au sili za vali. Mweupe unaonuka utamu ni maji yenye kupozeo yanayoingia silindani. Mweusi kwenye petroli ni mafuta kuzidi, pengine choki imekwama.

Iache ipate moto dakika ishirini huku ukizunguka na tochi kutafuta uvujaji. Zima, ipoe, badilisha oili na chujio tena. Mgandamizo usiupime leo. Ringi zilizoshikwa na kutu hulegea baada ya saa chache za kufanya kazi, na nimeona watu wakifungua injini kwa kipimo cha siku ya kwanza ambacho siku ya kumi kingekuwa kizuri. Ukipima baadaye, pima ikiwa ya moto, kaba imefunguliwa yote kwa petroli, na angalia zaidi tofauti kati ya silinda kuliko namba yenyewe.

Breki, kabla ya futi moja ya mwendo

Injini ikiwaka, kila mtu anataka kulisogeza "kidogo tu". Hapana.

Mafuta ya breki huvuta unyevu. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya yanachemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155, na maji hayohayo yanaozesha silinda kwa ndani. Kwa hiyo usiongeze juu ya yaliyopo. Fungua dramu zote. Zikigoma, viatu vya breki vimeshikana nazo: rudisha nyuma marekebisho, mwagia dawa kwenye habu tu bila kulowesha viatu, gonga ukingo wa dramu kwa nyundo kuzunguka. Vuta kingo za mpira za silinda za magurudumu. Ukikuta majimaji ya kahawia, silinda hiyo imekwisha. Mimi hubadilisha zote, pamoja na masta silinda na mipira yote inayonyumbulika, hata kama mbili zinaonekana nzima. Mpira wa zamani wa breki huvimba kwa ndani na kufanya kazi kama vali: mafuta yanaingia, hayarudi, na gurudumu linabaki limekamata.

Toa upepo ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Pedali iwe ngumu, na ikishikiliwa dakika nzima isishuke.

Klachi iliyoshikana

Ukikanyaga klachi na gia inakwaruza haiingii, na una hakika mafuta ya klachi yapo na upepo umetolewa, basi sahani imeshikana na flaiwili kwa kutu. Kwanza jaribu upole: kanyaga pedali, ikaze kwa kipande cha mti ibaki chini, acha siku mbili tatu. Isipoachia, peleka gari uwanja mpana usio na mtu mbele. Pasha injini moto, izime, weka gia ya kwanza ya upande mzito wa transfa, kanyaga klachi, washa. Gari litaondoka papo hapo. Ukiwa umekanyaga klachi bado, ongeza mafuta na ukate, ongeza na ukate, kisha gusa breki kwa nguvu. Kwa kawaida huachia kwa mshtuko. Sasa umeelewa kwa nini breki zilitangulia.

Difu, transfa, na vifundo vya mbele

Kanuni ni moja: fungua boliti ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Nililipuuza hili mara moja, nikamwaga oili yote ya giaboksi, kisha boliti ya kujazia ikakataa katakata. Gari lililokuwa na oili mbaya likawa halina oili kabisa.

Oili ya difu yenye rangi ya maziwa imeingia maji, mara nyingi kwa sababu kitundu cha kupumulia kiliziba: ekseli ya moto ilitumbukia mtoni, ikapoa ghafla, ikavuta maji kupitia sili. Kwenye Land Cruiser za ekseli ngumu, fungua vifundo vya mbele (viungo ambavyo magurudumu hugeukia) uone grisi. Ikiwa imekuwa uji mwepesi, sili ya ndani imekufa na oili ya difu inaingia humo. Kwenye Land Rover za Series, pitisha kucha juu ya lile tufe linalong'aa la kifundo. Likiwa na vidonda vya kutu, sili mpya haitadumu. Spaida (viungo vya umbo la msalaba) za propela shafti zipigwe grisi hadi ya zamani itoke pande zote nne, na habu za mbele (zile zinazounganisha gurudumu na ekseli kwa mkono) zifungwe na kufunguliwa mara kadhaa hadi zilegee.

Kilomita tano za kwanza

Soma tarehe ya matairi. Tarakimu nne za mwisho wa alama ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka, kwa hiyo 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Zikiwa tatu, tairi limetoka kabla ya mwaka 2000 na linafaa kushikilia gari limesimama tu. Lililopita miaka kumi libadilishwe hata kama meno yake yamejaa.

Jaribu magurudumu manne ya kuvuta kwenye udongo au changarawe. Kwenye lami kavu, gari lisilo na difu ya katikati hujipinda ndani ya transfa na gia hugoma kutoka. Nenda kwa mwendo wa kutembea, simama, rudi nyuma, simama. Baada ya kilomita tano shuka uguse kila habu kwa nyuma ya kiganja, taratibu: iliyo ya moto kuliko wenzake ina breki inayokamata au beringi kavu. Kaza nati za magurudumu upya. Kisha liache usiku mzima juu ya maboksi yaliyofunguliwa, na asubuhi soma madoa: la kahawia mbele ni oili ya injini, zito lenye harufu kali ya salfa katikati na nyuma ni oili ya gia, na lisilo na rangi karibu na gurudumu ni breki, ambalo linamaanisha gari haliondoki leo.